Nchi Iliyoondoa Kitufe cha Kufa

Jumatano ya tarehe kumi na moja, mwezi wa tano, mara tu baada ya adhuhuri, serikali yetu iliondoa kifo. Siku hiyo siisahau, kwa sababu ndiyo siku aliyokufa mke wangu, na mpaka leo sijui kama alifanya haraka au alichelewa.

Mimi niliishia darasa la nne. Nashona magodoro ya sufi, na mambo makubwa ya nchi huwa nayasikia redioni kama mtu asikiavyo ngoma ya mtaa wa pili. Lakini hili nililisikia sawasawa, maana aliyelisema ni Waziri wa Ubunifu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Pazi Kilongola. Walisema amesimama kwenye jukwaa lenye zulia, na nyuma yake wamesimamisha simu ya mbao ndefu kuliko msikiti.

Kwa msomaji asiyeishi kwetu, nieleze kidogo. Nchi yetu ina programu moja ya simu, jina lake Tabasamu. Kila kitu kimo humo. Ukitaka maji unabonyeza, ukitaka kuoa unabonyeza, ukitaka kuchinja mbuzi au kuonwa na daktari, unabonyeza. Ofisi zilifungwa zamani, makarani wakapewa fulana na kuitwa wabunifu. Na kila ukimaliza shughuli yako, Tabasamu inakuomba uipe nyota. Nyota tano maana yake umeridhika. Nyota moja maana yake umeudhika. Ukikaa kimya, inahesabiwa tano. Nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina mafuta, sisi tuna nyota.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "wataalamu wangu wamefanya utafiti wa kina, wa upana na wa mshazari. Wamegundua kwamba Tabasamu inapendwa kila kona isipokuwa mbili. Anayebonyeza 'Naumwa sana' anatoa nyota moja. Anayebonyeza 'Nimefiwa' anatoa nyota moja na matusi juu yake. Nikawauliza wataalamu wangu, sasa kwa nini tunaendelea kuwaudhi wananchi kwa vitufe wasivyovipenda? Nchi za wenzetu zinahangaika na vifo kwa mahospitali na madawa, hasara tupu! Sisi tumetumia akili. Kuanzia mchana huu, kwa toleo letu jipya, vitufe hivyo viwili tumeviondoa!"

Makofi yakapigwa mpaka redio ikakwaruza. Kwaya ya wizara ikaimba.

Mke wangu Mwanakheri alikuwa kibarazani, amejikunja, mkono tumboni. Tangu alfajiri alikuwa hivyo.

"Ngwali," akaniita, "huyo baba anasema nini?"

"Anasema hatufi tena."

"Si angesema jana," akasema. "Mimi mwenzio nishaanza kwenda."

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, kukutania hata pale unapotaka kulia. Nikaita bajaji.

*

Hospitali kwetu haina mtu wa kukupokea. Mlangoni pana kioo, na juu ya kioo maandishi: Unajisikiaje leo? Chagua uso. Zamani nyuso zilikuwa nyingi, na wa mwisho ulikuwa umekunjamana, unabubujikwa machozi. Wagonjwa wote tulikuwa tunaujua huo. Ukiugusa, muuguzi anakuja na kitanda mbio. Lakini toleo jipya lilikuwa limeshaingia. Uso wa kulia haukuwepo tena, kwa kuwa ulikuwa unashusha nyota. Zilibaki tatu: anayetabasamu, anayecheka, na mwingine anayecheka mpaka machozi yanamtoka.

Mwanakheri macho yalishaanza kumpa ukungu. Akaona machozi, akagusa hapo hapo.

Kioo kikapiga vigelegele. Kikaandika: Hongera! Una furaha isiyo kifani.

Muuguzi akatoka na simu yake mkononi. "Bi Mwanakheri? Nendeni benchi la nyuma. Wenye furaha isiyo kifani wanaonwa mwisho."

"Dada, mke wangu anakufa," nikamwambia.

"Baba, usikuze mambo. Hapa imeandikwa anacheka."

"Mwangalie usoni basi."

"Nikianza kuwaangalia watu usoni nitakuwa nafanya kazi ya mashine, mzee wangu, na mashine itanishitaki. Nenda kakae, baba. Haya, karibuni sana."

Tukakaa. Benchi la nyuma lilikuwa refu na lilikuwa limejaa watu wenye furaha. Mmoja alikuwa ameshika mguu uliovunjika. Mmoja alikuwa na mtoto asiyefumbua macho. Kabla ya alasiri kichwa cha Mwanakheri kililala begani kwangu, kikawa kizito. Niliujua uzito wake wa usingizi, na ule haukuwa wenyewe.

Simu yake ikalia ndani ya mkoba. Tabasamu ilikuwa inauliza: Je, umefurahia huduma yetu?

Sikujibu. Ikajihesabia tano.

*

Mochwari nilimkuta Chambo, bwana wa makamo, koti lake refu kupita magoti. Alimpokea mke wangu kwa adabu, akamfunika, akamwingiza kwenye friji. Nikamshukuru, nikamwambia kesho asubuhi nakuja na jeneza la msikiti kumchukua.

"Kibali cha maziko unacho?"

"Kinatoka wapi?"

"Si kwenye Tabasamu? Unabonyeza 'Nimefiwa', wanakupa kibali, unanionyesha, nakupa mkeo."

"Kitufe hicho wamekitoa leo mchana."

Chambo akatoa simu yake, akatafuta kwa kidole. Akatafuta tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kweli bwana," akasema. "Basi mke wako hajafa."

"Wewe si umempokea mwenyewe? Umemshika kwa mikono yako."

"Nimemshika, ni wa baridi, sibishi. Lakini kwenye mfumo yu hai. Na mimi mtu aliye hai siwezi kumtoa hapa akazikwe. Hiyo ni jinai, mzee. Watanifunga."

"Na kumweka kwenye friji mtu aliye hai, hawakufungi?"

Akafikiri. "Hilo hawajalitolea kitufe," akasema.

Alikuwa mtu mwema. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia nijaribu kuongea na Dada Faraja. Huyo si mtu, ni sauti inayokaa ndani ya Tabasamu kwa ajili ya wenye shida. Nikaishika simu, nikamwambia: mke wangu amefariki.

"Asante kwa kuongea nami!" ikasema ile sauti, nyororo, kama ya mtu anayekuuzia sabuni. "Je, ulitaka kusema: mke wangu amefurahi?"

"Amefariki. Amekufa. Roho imetoka."

"Nimekuelewa! Mke wako ametoka. Je, ungependa kuagiza chakula cha mtu mmoja?"

*

Nyumbani tanga lilikuwa limeshawekwa. Majirani wametandika mikeka, kina mama ndani, wanaume nje chini ya turubai, sufuria la pilau jikoni. Kwetu tanga likiwekwa haliondoki mpaka maiti azikwe. Mtu haondoki mkekani kwenda kwake kulala kitandani ilhali mwenye msiba hajazika. Ndiyo desturi, tumeikuta na tutaiacha.

Sasa maiti hazikwi. Basi na tanga haliondoki.

Siku ya kwanza walilia. Siku zilizofuata walinyamaza. Halafu wakaanza kuzoea. Watu wakawa wanatoka kazini wanarudi tangani kama kwao. Watoto wakafanyia kazi za shule mkekani. Binti mmoja aliposwa humo humo. Mama Siwema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia sufuria, akanijia mikono kiunoni.

"Shemeji, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Mwenzangu unamzika au umemweka akiba?"

"Serikali inasema hajafa, Mama Siwema."

"Hajafa? Basi aje ageuze huu wali, mie mgongo umekatika! Aje na kanga yangu niliyomwazima." Akacheka, akaanza kulia, akarudi jikoni.

Sheikh wa mtaa akaniambia maiti haisubirishwi, kuicheleweza ni kuitesa. Nikamwambia sheikh, hilo nalijua, waambie wao. Akafungua Tabasamu atafute mahali pa kuwaambia. Akakuta sehemu ya malalamiko nayo imeondolewa, kwa sababu wanaolalamika walikuwa wanatoa nyota moja.

Nikaamua kwenda mwenyewe kule wanakobuni.

*

Wizara ya Ubunifu ni jengo la vioo. Ndani hamna viti, mna mito ya rangi, watu wazima wamejilaza kama wana homa. Mna meza ya kuchezea mpira wa kugonga. Kuta zote zimebandikwa vikaratasi vya njano na waridi, na kila kikaratasi kina neno moja: Furaha. Wepesi. Thubutu. Mbunifu Mkuu, kijana aitwaye Tumsifu, alinijia na soksi bila viatu.

"Shikamoo mzee! Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ni mwananchi."

"Unatumia Tabasamu?"

"Nitafanyaje?"

Akageuka, akapiga kelele kwa furaha: "Jamani, njooni! Mtumiaji! Mtumiaji wa kweli!"

Wakaja mbio na soksi zao, wakanizunguka. Mmoja aligusa mkono wa kanzu yangu. Walikuwa hawajawahi kuona mtumiaji. Nikauliza, sasa hayo mambo mnamtengenezea nani? Wakanionyesha ukutani picha kubwa ya msichana wa kuchora, meno meupe, kikombe cha kahawa mkononi.

"Huyu ni Bi Raha," akasema Tumsifu, na sauti akaishusha kama mtu aliye mbele ya kaburi la walii. "Mwananchi wetu wa mfano. Ana miaka ishirini na saba, anapenda kuogelea na kuamka mapema. Kabla ya kubuni chochote tunamuuliza yeye kwanza."

"Na anajibu?"

"Anajibu tunavyotarajia."

"Muulizeni basi, akifiwa anafanyaje?"

Wakatazamana. Binti mmoja akanong'ona, "Bi Raha hafiwi. Hana ndugu. Hatukumchorea."

Nikawaeleza habari ya mke wangu. Nilieleza polepole, tangu benchi mpaka friji. Tumsifu akainua mkono. "Mzee, samahani, usituambie unataka nini. Mtumiaji hajui anachotaka, ndiyo kanuni ya kwanza. Sisi tutakutazama tu." Wakaniingiza kwenye chumba cha kioo, wakanipa simu, wakakaa upande wa pili wakinitazama. Sauti ikatoka darini: "Tafadhali, jaribu kumzika mke wako."

Nikajaribu. Nikabonyeza kila palipobonyezeka. Niliagiza mbuzi, nikakata maji ya nyumbani kwangu, nikakaribia kuoa. Mwishowe niliiweka simu chini, nikakaa. Sikulia. Machozi nayo yana siku zake, yangu yalikuwa hayajafika, na hayajafika bado. Niliutazama ukuta.

Nyuma ya kioo niliwaona wanaandika. Nilipotoka nikakisoma kikaratasi kimoja, herufi kubwa nazisoma: Mtumiaji ametulia.

Wakanipigia makofi. Wakanipa fulana.

Baadaye waliitisha warsha kujadili kama kitufe kirudi. Nilikuwepo, kwenye mto wangu. Wote walikubali kirudi, ila kisiitwe kufa na kisihuzunishe. Wakagombana rangi. Nyeusi inatisha. Nyeupe ni ya sanda. Kijani ni ya chama cha upinzani, atakayeipendekeza ajiandae kueleza vizuri. Waziri akapita na msafara wake, akasema wazo ni zuri lakini hatuwezi kurudi nyuma, kwa maana tangu toleo jipya nchi haijapoteza mwananchi hata mmoja, na wageni kutoka ng'ambo wako njiani kuja kujifunza. Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa laini, wa uvuguvugu.

"Mzee wangu," akaniambia, "wewe ni shujaa wa safari hii ya kidijitali."

"Mke wangu yuko kwenye friji, Mheshimiwa."

"Hongereni sana," akasema, akaendelea.

*

Aliyenisaidia ni huyo huyo Tumsifu, sitamnyima haki yake. Alinifuata nje, bado na soksi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kitufe cha kuhama bado kipo. Mtu akihama anahama, serikali haiulizi sana. Mwandikishe mkeo amehamia makaburini, mochwari watamtoa.

Nikaenda mochwari na sheikh, na pamoja na Chambo mwenyewe tukaishika simu ya Mwanakheri. Anuani mpya? Makaburi ya Mikoroshoni. Nyumba ya vyumba vingapi? Sheikh akasema kimoja. Sababu ya kuhama? Yalikuwepo majibu manne: kazi, masomo, ndoa, kubadilisha hewa. Tukachagua kubadilisha hewa.

Halafu ikamtaka mwenyewe. Thibitisha kwa uso, ikasema.

Chambo akavuta droo. Nikamfunua uso. Nilikuwa sijamwona tangu siku ile. Nikaishika simu juu yake kama mtu anayemuonyesha mwenzake kitu.

Tafadhali tabasamu, ikasema simu.

Nikaisogeza simu karibu naye.

Hatujaona tabasamu. Jaribu tena.

"Astaghfirullah," sheikh akasema, akageukia ukutani.

Umechoka? ikauliza simu. Mwombe jirani akuchekeshe.

Chambo akaipokea simu. Akaniuliza kama nina picha yake yoyote anayocheka. Ninayo, nilimwambia, kwenye simu yangu, ya harusi ya mpwa wake. Mama Siwema alikuwa amecheza akaangukia sinia la biriani, Mwanakheri akacheka mpaka jino lake la pembeni likaonekana, lile alilokuwa analificha kwa kanga kila siku. Chambo akaweka simu yangu yenye picha juu ya uso wa Mwanakheri, akaishika simu ya Mwanakheri juu ya hiyo.

Umependeza leo, Bi Mwanakheri! Safari njema.

Tukamzika adhuhuri ile. Tanga likaanuliwa, watu wakarudi kwao, wengine walikuwa wamesahau funguo walikoweka.

*

Jambo jema halifichiki. Mji mzima ukasikia, na wote waliokuwa na watu wao kwenye mafriji wakawahamisha. Mikoroshoni ikajaa. Haikupita muda, Tabasamu ikawaarifu wakubwa kwamba kuna mtaa mpya unaokua haraka kuliko mitaa yote nchini, na wakazi wake hawana malalamiko, wote nyota tano. Manispaa wakaja wakapigilia vibao vya namba za nyumba. Nilikwenda kuzuru kaburi nikakuta kibao cha bluu kichwani kwa mke wangu. Nilitaka kuweka jiwe liandikwe marehemu. Mgambo akanizuia, akasema mkazi akiwa hai huwezi kumwandika marehemu, ni uchochezi.

Sikuwa nataka kingine. Neno hilo moja tu, liandikwe na wenye mamlaka, kwamba amekufa. Kwamba alikuja kwao anaumwa na akafa kwenye benchi lao.

Badala yake Mikoroshoni ikapandishwa kuwa jimbo. Uchaguzi ukaitishwa, kura zikapigwa humo humo kwenye Tabasamu, na aliyekaa kimya alihesabiwa ameridhika na mgombea. Mgombea alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Pazi Kilongola. Alishinda kwa kura zote. Redio ilisema haijawahi kutokea duniani.

Wiki iliyofuata alikuja kuwashukuru wapiga kura. Waliweka hema katikati ya makaburi, zulia likapita juu ya watu, kwaya ikaimba. Sisi jamaa tuliletwa kwa mabasi tupige makofi kwa niaba ya wenyeji.

"Nimezunguka nchi nzima," alisema, "lakini wananchi wasikivu kama wa hapa sijawaona. Hawakuomba barabara. Hawakuomba dawa. Hawakunizomea. Hawa ndio wananchi tuliokuwa tunawatafuta tangu uhuru!"

Tumsifu, ambaye sasa alikuwa na viatu, akashika kipaza sauti akauliza kama kuna mwenye maoni. Nikanyoosha mkono. Aliponitambua akasita, lakini kamera za wageni wa ng'ambo zilikuwa zinatazama, akanipa.

Nilichouliza walikiandika kwenye kikaratasi cha njano. Nimesikia kimepelekwa warsha, kikarudishwa, kikapelekwa kwa Bi Raha, naye hakujibu walivyotarajia. Muuguzi nilimuuliza akasema si kazi yake. Chambo nilimuuliza akavua miwani, akaifuta. Sheikh alisema jibu analo Mungu, lakini mimi sikumuuliza Mungu, nilimuuliza Mheshimiwa, nimesimama miguuni pa mke wangu, kando ya kibao cha bluu:

"Mheshimiwa, huyu hapa amekufa au hajakufa? Kama amekufa, aliyekupigia kura ni nani? Na kama hajakufa, mimi nimemzika nani?"